"Pikipiki Mpya Haina Gharama" na Maneno Mengine Yanayoua Injini

Hapa Ngamiani, Tanga, neno hili nalisikia karibu kila wiki: "Fundi, hii mpya bado, haihitaji kitu." Mtu kakusanya pesa, kaimaliza yote dukani, kofia ngumu kakopa. Ukimtajia sevisi ya kwanza anakutazama kama tapeli.

Basi sikilizeni. Hakuna wakati injini inataka kumwagwa oili mapema kuliko ikiwa mpya. Ringi za pistoni na gia zinapozoeana zinatoa chembe za chuma, na pikipiki nyingi za biashara hazina filta ya oili ya karatasi kama ya gari. Zina wavu, ambao unga ule mwembamba unapita. Imwage oili ya kwanza kwenye beseni juani, uone inavyometameta. Ndiyo maana watengenezaji wengi wanataka itolewe kati ya kilomita 500 na 1,000.

Piga hesabu. Bodaboda anayekimbia kilomita 100 kwa siku, 500 anazifikisha siku ya tano. Wiki haijaisha, anadaiwa sevisi! Baada ya hapo, ukibadilisha kila kilomita 2,000, ni kila baada ya siku 20 za kazi. Ukifanya kazi siku 300 kwa mwaka, ni mara 15, na kila mara ni lita moja hivi. Hapo sijagusa cheni na sproketi, breki shuu, plagi, chujio la hewa wala tairi la nyuma. Pesa hiyo itengwe kabla hujalipia pikipiki, hasa wewe wa mkataba unayemlipa mwenye pikipiki kidogo kidogo, maana bosi huyo anataka hesabu yake hata siku pikipiki imelala kwa fundi.

Wapo wanaojitetea: "Simwagi, lakini naongezea." Unaongezea oili safi juu ya uchafu. Na kama hata kuongezea unasahau, kumbuka injini ina lita moja tu. Ikipungua robo lita, umebaki na robo tatu, na oili hiyohiyo ndiyo inayosaidia kupoza injini isiyo na rejeta. Nikifungua nakuta pistoni ina mikwaruzo ya kushuka chini, ukipitisha ukucha unanasa. Hapo tunaongelea silinda mpya, si kopo la oili.

"Oili ya gari ni ileile." Siyo. Klachi ya pikipiki hizi inaogelea ndani ya oili ya injini, na baadhi ya oili za gari zina dawa ya kupunguza msuguano. Klachi inateleza, injini inalia, mwendo hakuna. Tafuta kopo lililoandikwa JASO MA au MA2, alama ya oili inayofaa klachi ya namna hiyo.

"Oili chafu inazuia kutu." Hii wanaipenda wanaobeba samaki kutoka pwani za hapa, Deep Sea na Sahare. Tenga linachuruzika maji ya chumvi kwenye spoku na cheni siku nzima, jioni mtu anapaka oili chafu juu yake. Chumvi imebaki chini, mchanga umenata juu, cheni inasagika. Osha kwa maji yasiyo na chumvi, kausha, kisha paka oili safi kidogo. Dakika kumi, jamani.

"Ya bei rahisi ndiyo nafuu." Kabla ya kununua, pita maduka ya spea uulize kabureta, sproketi na klachi za modeli hiyo. Wakikujibu "mpaka tuagize Dar", iache, hata kama rangi yake imekupendeza.

"Imetembea kilomita chache." Hili ni la wauza pikipiki zilizotumika. Waya wa sipidomita ukikatika, kilomita hazihesabiwi, na wengi hawaurudishii. Usisome namba, tazama meno ya sproketi kama yamechongoka. Halafu mwambie muuzaji asiiwashe kabla hujafika. Ishike injini, ikiwa ya moto, kaiwasha ili kuficha jambo. Ikiwa baridi, washa mwenyewe, ukae nyuma ya ekzosi. Moshi wa bluu usiokatika ni oili inaungua, na pesa ya ringi na pistoni ipunguzwe kwenye bei palepale.