"Tuelezee Kuhusu Wewe": Maswali ya Usaili Tunayoulizwa Zaidi

Katika kitengo chetu cha ushauri wa ajira, chuoni hapa Moshi, huwa tunafanya usaili wa mazoezi na wahitimu. Swali linalowaangusha wengi ndilo linaloonekana rahisi kuliko yote. Nikisema "tuelezee kuhusu wewe," natajiwa jina, mahali pa kuzaliwa, shule ya msingi na idadi ya ndugu. Hayo jopo linayo tayari mezani. Kisha zinafuata sifa: mimi ni mchapakazi, mwaminifu, naweza kufanya kazi katika mazingira magumu. Siku ya usaili, wasailiwa kumi watakuwa wameshasema maneno hayo hayo kabla ya chai ya saa nne.

Jopo linataka kusikia kazi uliyofanya. Kijana mmoja wa uhasibu alinitajia uaminifu mara tatu. Nikamuuliza, fildi, yaani mafunzo kwa vitendo, ulifanya nini? Kumbe alikuwa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, analinganisha daftari la mapokezi na stakabadhi. Akakuta kilo za mkulima mmoja zimeandikwa mara mbili, akampelekea meneja kabla malipo hayajatoka. Hadithi hiyo alikuwa nayo miezi minane na hakuwahi kuisema popote! Tangu hapo hakuhitaji tena kujisifu. Alieleza hali ilivyokuwa, jukumu lake, alichofanya na kilichotokea, kwa dakika mbili hivi.

"Sina uzoefu, nitasema nini?" Hili ndilo wanaloniuliza zaidi. Wengi wana uzoefu ila hawauhesabu, kwa sababu haukuwa na barua ya ajira. Aliyesimamia duka la mama yake Himo anajua kufunga hesabu za siku, kukopesha na kudai. Aliyebeba mizigo ya watalii Mlima Kilimanjaro likizo mbili anajua nidhamu ya timu na saa za mgeni. Andika kwenye wasifu, pamoja na miezi na majukumu. Kwa ufundi uliojifunzia gereji au saiti, VETA, mamlaka ya mafunzo ya ufundi stadi, wana utaratibu wa kurasimisha ujuzi: unapimwa, unaongezewa pale ulipopungukiwa, unapewa cheti.

Kampuni za utalii za Arusha hupenda maswali ya tukio. Kwa mfano: mko Kambi ya Barafu kwenye Mlima Kilimanjaro, zaidi ya mita 4,600, mgeni anaumwa kichwa vibaya, anatapika na anayumba akitembea, lakini amelipia kilele na anataka kuendelea. Utafanyaje? Wengi hujibu watamtia moyo. Jibu hilo linakunyima kazi, maana kuyumba ni dalili ya hatari na mtu huyo anatakiwa kushushwa mapema, hata kama ni usiku. Msaili anapima kama utaweza kumkatalia mteja kwa heshima. Na Kiingereza kikigoma katikati, sema sentensi fupi, au omba swali lirudiwe. Hakuna aibu hapo.

Kwa usaili wa Sekretarieti ya Ajira, chombo kinachosaili waombaji wa kazi za serikali, wengine hukwama mlangoni. Soma tangazo la kuitwa mpaka mwisho: beba vyeti halisi na kitambulisho. Jina likitofautiana kati ya cheti cha kuzaliwa na cha kidato cha nne, shughulikia hati ya kubadili jina sasa hivi, usisubiri kuitwa. Nauli na malazi ni juu yako. Anayekuomba hela "asukume jina" ni tapeli.

Mabinti huniuliza wajibu nini wakiulizwa kama wana mimba au wanatarajia kuolewa. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004, kifungu cha 7, inakataza ubaguzi kwa ujauzito, hali ya ndoa, ulemavu, kabila, dini na mengineyo, na kwa kifungu hicho mwombaji wa kazi naye anahesabiwa kuwa mwajiriwa. Mimi huwashauri kurudisha mazungumzo kwenye kazi: "Naweza kutimiza ratiba mliyoitaja kwenye tangazo." Kama unaamini umenyimwa kazi kwa sababu hiyo, unaweza kupeleka lalamiko CMA, yaani Tume ya Usuluhishi na Uamuzi.

Mshahara? Serikalini ngazi imeandikwa kwenye tangazo. Kampuni binafsi, ulizia wanaofanya kazi kama hiyo mjini, kisha taja kiwango cha chini na cha juu. "Chochote mtakachonipa" si unyenyekevu, ni kukosa maandalizi.

Mwishoni utaulizwa kama una swali. Usiseme "hapana, asanteni." Uliza mtu anayeanza kazi hiyo anatarajiwa awe amefanikisha nini ndani ya miezi mitatu. Kwa kazi za utalii, uliza pia wafanyakazi wanafanya nini masika, Aprili na Mei, wageni wanapopungua. Sikiliza vizuri jibu lao, kwa sababu baadhi ya mikataba huishia hapo.