Mlezi wa malkia: kumsoma Œnone katika Phèdre

Ninafundisha fasihi ya Kifaransa hapa Bukavu, na kila tunapofika kwenye Phèdre, tamthilia ya Jean Racine iliyochezwa mara ya kwanza mjini Paris tarehe 1 Januari 1677, wanafunzi huanza na jibu lile lile: hii ni habari ya mke wa mfalme aliyempenda mtoto wa mumewe. Hawajakosea, ila jibu hilo linaacha nje jambo kubwa. Kati ya watu wanane wanaosema jukwaani, watano ni wanawake, na mambo mazito ya tanzia hii huamuliwa katika mazungumzo ya wawili kati yao: Phèdre, na Œnone aliyemlea. Kwangu mimi, uhusiano wa wawili hao ndio uti wa mgongo wa tamthilia, na mlezi ndiye anayelipishwa deni ambalo hakulikopa peke yake.

Tusome onyesho la tatu la sehemu ya kwanza. Phèdre ana siku tatu hajala wala hajalala, na anataka kufa bila kutoa sababu. Œnone anamkumbusha kwamba mikono yake ndiyo iliyompokea siku alipozaliwa, kwamba kwa ajili yake aliiacha nchi yake na watoto wake, kisha anauliza kama hayo ndiyo malipo ya uaminifu wake. Anayakumbatia magoti ya malkia na kumsihi kwa machozi aliyokwisha kumlilia. Phèdre anakubali kusema, lakini jina halitoki kinywani mwake. Anazunguka, anamtaja mwana ambaye mumewe alimzaa na yule Mwamazoni, mmoja wa wanawake wapiganaji wa hadithi za Kigiriki, mpaka Œnone mwenyewe anaposhtuka na kulitamka: Hippolyte! Naye malkia anajibu kwamba wewe ndiye uliyemtaja. Mzigo umeshahama.

Mwaka mmoja tulikuwa tukilisoma onyesho hilo kwenye fotokopi zilizofifia, mvua ikipiga mabati kwa nguvu hata msomaji akalazimika kunyamaza katikati ya mshororo. Mvua ilipopungua, msichana wa mwaka wa sita akanyoosha mkono: «Madame, huyo Œnone aliacha watoto wangapi?» Racine hasemi. Nilikuwa nimeufundisha mshororo huo mara nyingi, nikieleza mizani yake na vina vyake, wala sikuwa nimewahi kuwafikiria watoto hao kama watu wenye idadi.

Wiki iliyofuata tulijaribu kulitafsiri onyesho zima kwa Kiswahili, na hapo tukakwama mahali ambapo Kifaransa hupita bila shida. Œnone humwita malkia «Madame» na kumsemesha kwa vous, yaani «nyinyi» ya heshima. Phèdre humjibu kwa tu, yaani «wewe». Kiswahili hakigawi heshima kwa njia hiyo. Sisi tunaiweka katika jina la kuitana. Wavulana wakapendekeza Œnone aseme «Mama», kama wafanyakazi wa nyumbani wanavyowaita wenye nyumba katika mji huu. Yule msichana akakataa. Aliyenyonyesha na kubeba mgongoni ndiye mama, alisema, sasa itakuwaje mama amwite mtoto wake mama? Baada ya ubishi mrefu tuliliacha neno hilo kinywani mwa Œnone, na kinywani mwa Phèdre tukaacha jina la mlezi peke yake, bila «mama» mbele yake. Tuliposoma kwa sauti, kila mmoja darasani alisikia ukosefu wa usawa ambao maelezo yangu ya sarufi hayakuwa yameufikisha popote.

Kosa kubwa la Œnone linajulikana. Habari ya kifo cha Thésée, mume wa Phèdre, imeonekana kuwa ya uongo, mfalme amerudi, na mlezi anashauri Hippolyte ashtakiwe kwamba ndiye aliyemtamani malkia, kabla hajafichua kwamba malkia ndiye aliyemtamkia mapenzi. Ni uongo unaoua, nami sitafuti kuutetea. Lakini wasomaji wengi huusahau mshororo wa Phèdre katika sehemu ya tatu, pale anapomwambia mlezi afanye apendavyo, kwamba yeye amejiachilia mikononi mwake. Hiyo ni ruhusa, na imetoka kwa mwenye mamlaka. Tena, katika Hippolytus, tamthilia ya Kigiriki ya Euripides juu ya kisa hicho hicho, iliyochezwa Athens mwaka 428 KK, ni Phaedra (Phèdre kwa Kigiriki) mwenyewe anayeacha maandishi ya kumsingizia kijana. Racine aliubadilisha mpango huo kwa makusudi, na katika dibaji yake anatoa sababu: aliona kusingizia ni jambo duni mno kuliweka kinywani mwa binti wa kifalme mwenye hisia za kiungwana, na kwamba uduni huo unamfaa zaidi mlezi, ambaye angeweza kuwa na mielekeo ya kitumwa. Nawaomba wasomaji wangu wasiipite sentensi hiyo haraka. Dhambi imeondolewa kwa mwanamke mmoja na kupewa mwingine kwa kupima cheo chake, na mwandishi anakiri hivyo waziwazi.

Linganisheni na Théramène, mlezi wa Hippolyte. Naye ni msiri, naye anatoa ushauri, na katika onyesho la kwanza kabisa anamtia kijana moyo asiogope mapenzi, ingawa Thésée amekataza Aricie, binti wa kifalme anayependwa na kijana huyo, asiolewe na yeyote. Hakuna anayemlaumu. Mwishoni anapewa hotuba ya mishororo zaidi ya 70 kusimulia kifo cha Hippolyte, hotuba ambayo wanafunzi wa Kifaransa wamekaririshwa kwa vizazi. Kifo cha Œnone kinatangazwa na Panope, mmoja wa wanawake wanaomhudumia malkia, katika mishororo minne: amefukuzwa kwa aibu, amejitupa baharini, haijulikani kwa nini, mawimbi yamemficha milele.

Kuhusu Aricie nitasema kidogo. Yeye na Phèdre hawakutani jukwaani hata mara moja. Wivu wote wa malkia unamwagwa mbele ya mlezi, na ndiyo maana ni mlezi anayelaaniwa na kufukuzwa katika onyesho lile lile.

Hofu hii ya mwanamke wa chini anayempotosha wa juu haikuzaliwa Ufaransa peke yake. Katika utenzi wake wa mwaka 1858, Mwana Kupona wa Pate anamwonya binti yake asichangamane na watumwa ila wakati wa kazi, kwa kuwa watamvuta pabaya. Ninaupenda utenzi huo, na upendo wa mama mgonjwa kwa mwanawe umejaa humo. Hata hivyo ubeti huo na dibaji ya Racine vingeweza kukaa meza moja na kuelewana.

Ndiyo sababu baada ya Phèdre huwapa wanafunzi Une si longue lettre, riwaya ya Mariama Bâ wa Senegal, iliyotoka mwaka 1979. Humo pia mwanamke anamfungulia mwenzake moyo wake wote, lakini Ramatoulaye na Aïssatou wamesoma shule moja na wanaandikiana kama watu walio sawa. Ramatoulaye anapoachwa na mumewe na kuanza kuhangaika kwenye mabasi ya Dakar, Aïssatou, ambaye naye alimwacha mumewe alipooa mke wa pili, anamnunulia rafiki yake gari aina ya Fiat 125. Huo ni urafiki unaogusika kwa mkono. Hakuna anayepiga magoti, na siri iliyotolewa haigeuki kuwa shtaka dhidi ya aliyeipokea.

Siku hizi, tukimaliza Phèdre, ninawapa darasa kazi ya kuandika upya tangazo la Panope kwa Kiswahili, kwa urefu wowote wanaotaka, ila kwa mambo yaliyomo katika tamthilia tu. Wengi huanza na ile mikono iliyompokea mtoto mchanga. Kisha tunarudi kwenye onyesho la mwisho. Phèdre amekunywa sumu, na kabla ya kufa anasema kwamba Œnone ndiye aliyeyaendesha mengine yote. Thésée anaondoka kwenda kuupa mwili wa mwanawe heshima zake, na katika mshororo wa mwisho anamchukua Aricie awe badala ya binti yake. Ninawaomba waweke kalamu chini wanihesabie, kuanzia hapo mpaka pazia linaposhuka, ni nani anayewapelekea watoto wa Œnone habari za mama yao.