Doa la kochi linalorudi siku ya tatu

Kochi limeoshwa Jumamosi, Jumapili linang'aa, Jumanne doa liko palepale, tena limezungukwa na duara la kahawia. Mwenye kochi husema dawa ilikuwa dhaifu. Mara nyingi dawa haina kosa. Kilichoharibu kazi ni maji yaliyoachwa ndani ya sponji. Maji hayo hukauka kwa kupanda juu, kwenye uso wa kitambaa unaopigwa na hewa, na yakipanda hubeba uchafu na sabuni iliyokuwa chini. Yakishapotea hewani, mzigo wao hubaki kwenye nyuzi. Ndivyo utambi wa koroboi unavyopandisha mafuta ya taa.

Ndiyo maana kwangu kifaa cha kwanza ni kile kinachotoa maji. Mashine ya kazi hii hupuliza na kufyonza kwa mkupuo mmoja: ina tangi la maji safi, tangi la maji machafu, mpira mrefu na kichwa cha mkononi chenye upana wa sentimita 10 hivi. Mashine ya zulia huwa na presha kubwa mno kwa makochi. Presha ya psi 60 hadi 100 inatosha. Ukizidisha, maji yanapenya kitambaa na kuzama kwenye sponji ambako kichwa hakiyafikii tena.

Nunua kichwa chenye dirisha la plastiki inayoona. Kwenye dirisha hilo utayaona maji yakipita meusi, kisha ya kijivu, kisha mapovu, mwishowe matone masafi. Mapovu yakiwa bado yanapita, sabuni imo. Sabuni iliyokauka kwenye kitambaa hunata, na kochi lililobaki na sabuni huchafuka upesi kuliko ambalo halijaoshwa kabisa. Sabuni ya unga ya kufulia ndiyo inayoongoza kwa balaa hili: ina povu jingi na kuisuuza kwenye sponji ni kazi ngumu sana.

Kabla ya tone la maji, kijue kitambaa. Makochi ya kiwandani huwa na lebo chini ya mito: W ni maji, S ni dawa isiyo na maji, WS yote mawili, X ni kufyonza vumbi tu. Lakini kochi lililotoka kwa mafundi wa Keko, Dar es Salaam, au wa mtaani kwako kwa kawaida halina lebo, hivyo chomoa uzi mmoja kwenye mshono wa ndani, uushike kwa kibanio na uuwashe. Poliesta huyeyuka na kuacha kidonge kigumu cheusi. Sufu hunuka nywele zilizoungua. Pamba huungua kama karatasi na kuacha majivu laini, na viskosi (uzi laini unaotengenezwa kwa rojo la mti) hufanya vivyo hivyo. Hapo lowesha uzi mwingine uuvute. Viskosi iliyolowa hukatika kirahisi, pamba hustahimili. Mahameli ya viskosi usiipitishie mashine ya maji, kwa sababu manyoya yake yakilala hayasimami tena.

Kisha pima rangi: bandika kitambaa cheupe chenye dawa yako sehemu isiyoonekana kwa dakika 5, uangalie kama kimechukua rangi. Fungua pia zipu za mito uchungulie ndani. Mafundi wengi hupiga alama za vipimo kwa kalamu ya maka upande wa nyuma wa kitambaa, na wino ule ukilowa hutokeza mbele. Misumari na pini za fremu nazo zikikaa na maji hutoa kutu.

Kufyonza vumbi kukavu kunawakera wenye haraka, lakini usiiruke hatua hii. Kochi la watu watatu lipe dakika 15, zaidi kwenye mikunjo kati ya kiti na mgongo. Mchanga ukikutana na maji ni tope, na tope hulitoi kwa brashi.

Dawa ya kupulizia iwe ya pH (kipimo cha ukali wa dawa) 8 hadi 9.5, kwa sufu isizidi 8.5, ichanganywe kwa kipimo cha kwenye chupa. Anza na mahali pa vichwa na mikono ya kochi, ambako mafuta ya nywele na jasho yameganda. Pulizia kitambaa kilowe bila kuchuruzika, sugua kwa brashi laini, acha dakika 5 hadi 10, na usiruhusu ikauke. Poliesta huvumilia maji ya nyuzi joto 50 hadi 60. Pamba na sufu zipe uvuguvugu. Vuta mkupuo mmoja ukibonyeza maji, halafu miwili au mitatu bila maji. Maji ya kusuuzia yatie siki nyeupe, mililita 50 kwa lita 5: siki hupoza ukali wa dawa na kuzuia ukahawia unaojitokeza kwenye pamba inayokauka polepole.

Sikiliza mota. Ikibadilika mlio ghafla na dirisha likawa tupu, tazama tangi la maji machafu: povu limeinua boya, na boya limeziba njia ya hewa. Mashine inanguruma lakini haivuti kitu, huku wewe unaendelea kumwaga maji kwenye kochi. Mwaga tangi, tia dawa ya kuua povu, kagua na mpira wa mfuniko. Mimi hupima maji: kati ya lita 10 zilizoingia, zikirudi pungufu ya 7 narudia kufyonza kavu kochi zima.

Damu ni maji baridi tu, maana joto huigandisha. Mkojo unataka dawa ya vimeng'enya (enzaimu) iliyoachwa ilowe saa kadhaa hadi kina kile ulichofika mkojo. Tafadhali usimimine jiki juu yake: klorini ikikutana na mkojo hutoa gesi inayochoma mapafu, na jiki hiyohiyo hula sufu na hariri.

Kukausha nako ni sehemu ya kazi. Simamisha mito kwa ubavu, elekeza feni mbili zipulize sambamba na kitambaa, fungua madirisha. Kwa unyevu wa Dar au Mombasa wakati wa masika, tegemea saa 8 au zaidi. Kochi likibaki bichi siku mbili ukungu huanza. Kabla ya kukunja nyaya, kandamiza tishu nyeupe kwa kiganja katikati ya kiti kwa sekunde 10. Ikitoka na unyevu, washa mashine tena ufyonze.