Kijipunje ndani ya pepe

Mama mmoja wa Kitere, huku kwetu Mtwara, alinisimamisha akiwa anapepeta mpunga, ungo mkononi. "Mwanangu, mvua imenyesha, mbolea nimeweka, ndege nimeamia mpaka sauti imekauka. Haya mapepe, punje zisizojaa hizi, yametoka wapi?"

Nikamwomba suke ambalo lilikuwa bado halijapigwa. Tukalipukutisha juu ya khanga yake, punje za juu kando, za chini kando. Za nchani zilikuwa nzito. Zile za vijitawi vidogo vya chini, nyingi zilibonyea ukizigusa. Nikapasua pepe moja kwa ukucha: ndani mlikuwa na kijipunje chembamba kilichosinyaa.

Kijipunje hicho kilinieleza mengi. Pepe likiwa tupu kabisa, mara nyingi ua halikuchavushwa, na hapo ningeuliza habari za ukame au jua kali wakati wa kuchanua, maana joto likipita nyuzi 35 za Selsiasi maua yakifunguka, chavua hudhoofika. Lakini hapa mimba ilitunga. Mtoto alikosa kulishwa.

Katika suke, maua hayafunguki siku moja. Ya juu hutangulia, ya chini hufuata siku kadhaa baadaye, na waliotangulia ndio wanaokula kwanza. Anayepanga mgao huo ni homoni, yaani kemikali ambazo mmea hujitengenezea kwa kiasi kidogo mno. Siku chache baada ya kuchavushwa, homoni ya saitokinini huzihimiza seli ndani ya punje zigawanyike. Wingi wa seli hizo ndio ukubwa wa ghala la wanga. Punje za chini hupata saitokinini kidogo, kisha huelemewa na ethilini, gesi ileile inayoivisha ndizi, ambayo kwenye punje changa huzuia ujazaji. Ghala linabaki dogo, na mlango wake unafungwa mapema.

Mwaka 2005 watafiti wa Japani walieleza jeni iitwayo Gn1a, inayotengeneza kimeng'enya cha kuvunja saitokinini. Katika mpunga wa Habataki jeni hiyo inafanya kazi kidogo, saitokinini inalimbikizana suke linapoumbwa, na punje zinakuwa nyingi kuliko za aina nyingine ya mpunga, Koshihikari. Ni ugunduzi ninaouheshimu sana. Ila kuongeza punje ni kuongeza vinywa, na aina zenye masuke makubwa ndizo mara nyingi zinazosumbuliwa na mapepe ya chini. Jiberelini, homoni ya kurefusha shina, naigusa tu: aina ya mpunga ya IR8 iliyotolewa Ufilipino mwaka 1966 ilikuwa fupi kwa sababu jeni yake moja ya kutengeneza jiberelini ina hitilafu, hivyo haikulala ovyo ikiwekewa mbolea.

Nirudi jarubani. Nilimuuliza mama aliweka urea ya mwisho lini. Baada ya masuke kutoka, akasema, na maji aliyaacha yasimame mpaka karibu na kuvuna. Kwa maoni yangu, hapo ndipo penye tatizo. Urea ya kuchelewa huufanya mpunga ubaki kijani, na wanga ukwame kwenye mashina badala ya kupanda kwenye suke.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Yangzhou, China, wameonyesha kwamba udongo ukikauka kwa kiasi wakati punje zinajaa, homoni nyingine, asidi ya absisiki, huongezeka kuliko ethilini, wanga wa mashina huhama, na punje za chini hujaa vizuri zaidi. Nasisitiza "kwa kiasi". Udongo ukikauka kupita kiasi, ethilini hupanda na hasara inarudi palepale. Wakati wa kuchanua usithubutu kukausha. Acha maji yasimame sentimita 5 hivi. Maua yakiisha, ndipo uyaache yashuke.

"Sasa nitajuaje yameshuka kiasi gani?" akauliza.

Kata kipande cha bomba la plastiki, sentimita 30. Kitoboe matundu upande utakaozama, kizamishe sentimita 20 udongoni, utoe tope la ndani. Maji yakishuka sentimita 15 chini ya uso wa udongo, fungulia tena. Mama alikuwa na bomba lililobaki alipojenga choo. Tulilipima kwa shubiri palepale, likatosha vipande vitatu.