Je, wajua kwa nini thomu iliyochemshwa haimsaidii kuku mwenye mafua?

Chukua punje moja ya kitunguu thomu, imenye taratibu bila kuikata, kisha inuse. Harufu yake ni ndogo mno. Sasa itie kwenye kinu uiponde. Kabla hujaunyanyua mchi, macho yameshaanza kuwasha. Ukali ule ndio dawa yenyewe, na sekunde chache kabla haukuwemo ndani ya punje.

Unguja na Pemba, kuku akianza kupiga chafya au kukoroma, watu wengi hukimbilia thomu kabla ya kufikiria duka la dawa za mifugo. Mmoja anaiponda na kuitia kwenye maji ya kunywa, mwengine anaichemsha punje nzima nzima na kuyapoza maji yake, mwengine anaichanganya na pilipili. Baada ya wiki, huyu anasema kuku wake wamepona, yule anasema wamekwisha wote. Wote wawili wanasema kweli. Tofauti yao inaanzia jikoni, na inaishia kwenye maradhi yenyewe.

Tuanze na jikoni. Ndani ya thomu mna kitu kiitwacho aliini, na mna kimeng'enya, yaani kichocheo kinachogeuza kitu kimoja kuwa chengine, kiitwacho aliinesi. Katika punje nzima viwili hivi vinakaa mbalimbali, havigusani. Ukiiponda punje, vinakutana, na papo hapo inazaliwa alisini. Wanakemia wawili wa Marekani, Cavallito na Bailey, ndio walioitenga alisini mwaka 1944 na kuonyesha kwamba inazuia bakteria wa aina nyingi. Kazi yake ni kujibandika kwenye protini ambazo bakteria anazitegemea ili aishi, hasa zile zenye salfa, na zikishabanwa hazifanyi kazi tena.

Kimeng'enya kile hakistahimili moto. Ukizitumbukiza punje nzima kwenye maji yanayotokota, kinaharibika kabla hakijakutana na aliini, na ulichobaki nacho sufuriani ni maji yenye ladha ya thomu. Mpishi wa pilau hilo halimdhuru, yeye anataka ladha. Mfugaji amepoteza dawa yake.

Kwa hiyo ponda kwanza, iache kama dakika kumi alisini ijitengeneze, kisha itie kwenye maji ya baridi. Kipimo ninachokiona salama kwa kuku wakubwa ni punje mbili au tatu kwa lita moja ya maji. Chuja makapi yasizibe kinyweo, na yaliyobaki jioni yamwagwe, kwa sababu alisini haikai sana. Inageuka vitu vyengine na nguvu yake inapungua. Kutengeneza dumu zima la wiki nzima ni kujichosha bure. Kama kuku wanayakataa maji kwa harufu, punguza thomu. Kuku mgonjwa asiyekunywa maji hufa kwa kiu kabla hata mafua hayajamuua, hasa wakati wa kaskazi jua linapochoma.

Kuhusu pilipili: kuku hausikii ukali wake. Mishipa ya fahamu ya ndege haiitambui ile dutu inayotuwasha sisi, ndiyo maana utawaona wakidonoa pilipili mbichi shambani bila kujali. Kwa hiyo ile imani kwamba pilipili "inamfungua kifua" kwa kumwasha haina msingi.

Je, hiyo thomu inafika kifuani? Kwa binadamu tunajua kwamba baadhi ya vitu vyenye salfa vinavyotokana na thomu huingia kwenye damu kutoka tumboni, kisha hutoka kupitia mapafu. Ndiyo maana mtu aliyekula thomu usiku huamka nayo mdomoni hata akipiga mswaki. Fikra ya wazee ya kuitumia kwa maradhi ya kifua haikuwa ya kubahatisha. Lakini kinachofika huko ni kidogo, na si alisini yenyewe, kwa kuwa hiyo huvunjika mapema mwilini.

Na kifua cha kuku kina mambo yake. Mapafu yake hayatanuki kama yetu, wala hana kiwambo, ule msuli unaotenga kifua na tumbo. Hewa inasukumwa na vifuko tisa vilivyotandaa mwilini, vinavyofanya kazi kama viriba vya mhunzi, na baadhi yake vinaingia mpaka ndani ya mifupa. Maradhi yakishazama kwenye vifuko hivyo, ambavyo vina mishipa michache ya damu, hata dawa ya hospitali hupata tabu kuyafuata huko. Maji ya thomu ndiyo kabisa. Majaribio ya kuwalisha kuku thomu yametoa majibu yanayotofautiana: mahali pengine kinga ya mwili iliimarika, pengine haikuonekana tofauti. Mimi naiweka thomu upande wa kinga na msaada, si upande wa tiba.

Sasa tuje kwenye maradhi, na hapa ndipo kuku wengi wanapopotea. Tunasema "mafua" kwa kila kuku anayekoroma, lakini nyuma ya neno hilo kuna maradhi mengi.

Yapo mafua hasa, yanayoletwa na bakteria. Uso unavimba, mara nyingi upande mmoja, jicho linafunga, na kamasi zinanuka vibaya. Yanasambaa bandani kwa siku chache, mayai yanapungua, lakini kuku wengi hawafi. Aliyepona hubaki na vimelea na kuwaambukiza wageni, kwa hiyo kuku mpya kutoka sokoni asichanganywe na wa nyumbani kabla ya kutengwa wiki mbili au zaidi.

Yapo mengine ya polepole, ya mikoplazma. Mchana kuku anaonekana mzima. Nenda bandani usiku wamekwishalala, usiwashe taa, simama kimya usikilize. Utasikia mkwaruzo mdogo kooni, mmoja hapa, mwengine kule, kila wanapovuta pumzi. Kimelea hiki hakina ukuta wa seli, kwa hiyo penisilini haikiwezi kabisa. Dawa zinazokifaa ni za jamii ya tetrasaiklini au tailosini, kwa kipimo cha daktari wa mifugo, na mayai na nyama visiliwe mpaka siku zilizoandikwa kwenye chupa zipite.

Kuna pia kukoroma kusikotokana na kimelea kwanza. Masika inapokolea, maranda au makumbi yaliyotandikwa chini yanalowa, kinyesi kinachacha, na amonia inapanda. Hewa hiyo inaua vinyweleo vidogo vya koo vinavyofagia uchafu, na njia inabaki wazi kwa kila bakteria. Chuchumaa mpaka kichwa chako kiwe usawa wa kifaranga, ukae dakika moja. Yakikuwasha macho wewe, yeye amekuwa humo usiku kucha. Katika banda la namna hiyo thomu haina la kufanya. Toa matandiko yaliyolowa, tia makavu, ongeza madirisha ya wavu. Nimeona kukoroma kukipungua kwa hayo tu, bila dawa yoyote.

Halafu kuna kideri, wengine wanaita mdondo. Huyu ni kirusi, ambaye maradhi yake yalitambuliwa mwaka 1926 huko Java, Indonesia, na Newcastle, Uingereza. Anaanza kama mafua: kuku anatweta mdomo wazi, anakohoa. Kisha kinyesi cha kijani, mbawa zinalegea, shingo inapinda, na banda lisilochanjwa linaweza kumalizika karibu lote. Hana dawa. Hakuna thomu wala antibayotiki inayomwondoa, na kila siku unayokaa ukiponda thomu kwa matumaini ni siku ambayo maradhi yanahamia kwa jirani, kwa sababu kuku wetu wa kienyeji hawajui mpaka wa uwanja. Tena wako wanaowahi kuwauza kuku wao wakishaona dalili, na kwa njia hiyo kideri kinapanda gari kutoka Konde mpaka Chake Chake. Nawaomba sana, msifanye hivyo. Watenge, fukia waliokufa, na mwite daktari wa mifugo.

Chanjo ipo, na si ghali. Ile inayoitwa I-2, iliyotengenezwa Australia kwa ajili ya kuku wa vijijini, inastahimili joto kuliko chanjo za kawaida. Ni tone moja tu kwenye jicho, kwa kifaranga na kwa jogoo sawasawa, na hurudiwa kila miezi mitatu au minne. Ichanjwe kwa kuku wazima, kabla maradhi hayajaingia kijijini. Anayetumia chanjo ya kutia kwenye maji ya kunywa, siku hiyo asitie thomu humo: chanjo ni kirusi hai kilichodhoofishwa, na kinatakiwa kifike hai ndani ya kuku.