Je, wajua kwa nini Ngazija ina mvua tele lakini haina mto?

Ukitoka Moroni asubuhi kwa ziara ya siku moja kuzunguka Ngazija, kisiwa kikubwa kuliko vyote vya Komoro, utarudi jioni bila kuvuka mto hata mmoja. Si kwamba kuna ukame. Moroni hupata takriban milimita 2,700 za mvua kwa mwaka, zaidi ya mara mbili ya Dar es Salaam, na miteremko ya magharibi ya mlima Karthala hunyeshewa zaidi ya hapo. Migomba, minazi na milangilangi imestawi kila upande. Visiwa jirani vya Nzuwani na Mwali vina mito. Basi maji ya Ngazija huenda wapi?

Huzama, tena upesi. Karthala, wenye urefu wa mita 2,361, ni volkano hai, na sehemu kubwa ya kisiwa imefunikwa na lava changa. Lava ikipoa hupasuka nyufa, hubaki na vitundu vilivyoachwa na gesi, na penginepo huacha mapango marefu pale ilipokuwa ikipita. Mvua ikinyesha juu ya mwamba wa namna hiyo, ni kama imemwagwa kwenye chekeche. Mto hauwezi kutokea mpaka mwamba uchakae na kuwa udongo mzito unaozuia maji, na hilo huchukua muda mrefu sana. Nzuwani na Mwali ni vikongwe kuliko Ngazija, ndiyo maana. Hata Kilimanjaro ni mlima wa volkano, ila miteremko yake imezeeka vya kutosha Wachaga kupata vijito vya kuvuta mifereji.

Mimi ningeanza ziara kusini, jua halijawa kali. Iconi haiko mbali na Moroni: mji wa masultani wa Bambao, wenye majabali ambako wanawake walijitupa baharini mwanzoni mwa karne ya 19 wasije wakachukuliwa utumwani na wavamizi kutoka Madagaska. Mbele zaidi ni Singani. Aprili 1977 lava ilibubujika ubavuni mwa Karthala, ikashuka hadi kijijini na kuzika karibu nyumba 300. Watu walikuwa wamekwisha ondoka. Baadaye walirudi wakajenga tena juu ya lava ileile nyeusi, na ukitembea hapo utaona chanzo cha habari yote hii kwa macho: mawe makali, yenye matundu, yasiyotuamisha hata dimbwi.

Maji yaliyozama hayapotei. Hushuka mpaka yakutane na maji ya bahari yaliyopenya chini ya kisiwa, na kwa kuwa maji baridi ni mepesi kuliko ya chumvi, huelea juu yake. Sehemu nyingine huchuruzika ufukweni, na maji yakipwa unaweza kuyaona yakitoka mawe kwa mawe. Ndiyo sababu visima vya pwani huwa na ladha ya chumvi, na ukivuta maji kupita kiasi, bahari hupanda kuchukua nafasi yake. Ukitaka maji safi uchimbe mbali na pwani, na huko kisima kinapaswa kuwa kirefu mno.

Kwa hiyo vijiji vingi hutegemea paa la bati na birika la saruji. Angalia nyumba yoyote njiani utaliona. Mpango huu ni mzuri mpaka Karthala uamke: Novemba 2005 majivu yalianguka juu ya mapaa na kuingia mabirikani, ikabidi watu wagawiwe maji ya kunywa. Mlima uleule huleta mvua na kuinyang'anya!

Mchana rudi Moroni, uingie makumbusho ya taifa kumwona gombesa aliyehifadhiwa, samaki aliyedhaniwa kutoweka pamoja na dinosaria. Mwaka 1987 mtafiti wa viumbe wa baharini Hans Fricke na wenzake waliwapiga picha gombesa wakiwa hai katika bahari ya Ngazija, na baadaye ikabainika kwamba mchana hujificha ndani ya mapango ya lava chini ya maji.

Kisha elekea kaskazini, upite Itsandra na Mitsamiouli mpaka Ziwa la Chumvi karibu na Bangoi Kouni. Ni kreta ya volkano iliyo hatua chache tu kutoka ufukweni, na rangi ya maji hubadilika kadiri jua linavyosogea. Wenyeji husimulia kwamba hapo palikuwa na mji wa Niamawi. Mgeni akaomba maji, akanyimwa, mji ukazama. Kwenye kisiwa kisicho na mto, sishangai kwamba kosa lililochaguliwa ni hilo. Wataalamu wa miamba wao hutaja mlipuko, kisha bahari ikapenya chini kwa chini na kujaza shimo. Mwamba uleule usioweza kuzuia mvua isitoke hauwezi pia kuzuia chumvi isiingie.