Je wajua? Kwa nini mwanafunzi wa saikolojia anaambiwa apande ndege akasome kwingine

Mwanafunzi wa fizikia akitoka London akaenda kusoma mwaka mmoja Berlin, jiwe litaanguka vilevile tu, kipya labda chakula na baridi. Ila huyu wa saikolojia somo lake ni binadamu, akivuka mpaka anakuta somo lenyewe limebadilika. Ndo maana vyuo vingi Uingereza vina digrii ya saikolojia ya miaka 4 badala ya 3, mwaka wa tatu unaenda kuusoma nje, ukirudi unamalizia. Sasa mtu atauliza si wakae kwao wasome vitabu? Ndugu yangu, tatizo limeanzia humo humo vitabuni.

Mwaka 2010 watafiti watatu waliokuwa Canada, Joseph Henrich, Steven Heine na Ara Norenzayan, walitoa makala iliyowasha moto kweli. Walionyesha kwamba kwenye majarida makubwa ya saikolojia 96% ya watu waliofanyiwa utafiti wanatoka nchi zenye 12% tu ya watu wote duniani, nyingi za Magharibi. Na wengi wao ni wanafunzi wa chuo wa somo hilohilo, wanaopewa maksi kidogo wakikubali kushiriki. Yaani mwalimu anapima darasa lake halafu anaandika "binadamu".

Chukua lile jaribio maarufu la mwanasaikolojia Walter Mischel, mtoto wa miaka 4 anaachwa peke yake na kitu kitamu, akivumilia asikile mpaka mkubwa arudi anaongezewa cha pili. Miaka mingi watu walijua watoto wengi wanashindwa. Halafu Bettina Lamm na wenzake wakalipeleka Cameroon kwa watoto wa Kinso (kabila la Wanso), wakawawekea mezani puff-puff, andazi la huko ambalo ukiliona utasema kalimati isiyo na shira. Karibu 70% walisubiri dakika zote 10, wakati watoto wa Kijerumani waliopimwa nao, kwa vitamu vya kwao, waliofika mwisho ni 28%. Wajerumani walikuwa wanazunguka chumbani, wanaimba, wanageuzia kiti mgongo, ila Wanso wametulia tu na wengine hadi wakasinzia andazi liko mbele yao!! Wanso ni wakulima, kwao mtoto anafundishwa mapema kutii wakubwa na kutolialia hovyo, kwa hiyo kusubiri ameshakuzoea.

Lakini mfano ninaoupenda mimi uko hapa hapa kwetu. Mwaka 1954 mwanasaikolojia Mary Ainsworth alimfuata mumewe aliyepata kazi Kampala, akaanza kutembelea akina mama wa Kiganda kwenye vijiji vya karibu, kaya 26, anakaa sebuleni anaangalia tu mtoto anafanya nini. Akaona mtoto anatambaa mbali kidogo, anachezea kitu, anageuka kuhakikisha mama yupo, anaendelea, na mama akinyanyuka kutoka basi kilio na kumfuata mbio. Baadaye akarudia kazi hiyo Baltimore, Marekani, na huko watoto wala hawakushtuka sana mama akitoka chumbani, wamezoea kumwona anaingia anatoka. Ikabidi awalete kwenye chumba kigeni chuoni, na mtu wasiyemjua ndani, ndo wakaonyesha walichokuwa wanakionyesha wa Uganda nyumbani kwao. Jaribio hilo leo kila mwanafunzi wa saikolojia analisoma, wengi hata hawajui kwamba mbegu yake ilitoka Buganda. Kitabu chake cha Uganda kilitoka 1967.

Haya, inafanyikaje? Ulaya kuna Erasmus, mpango wa kubadilishana wanafunzi, tangu 1987, vyuo vinatambuliana kozi, mwaka mzima unahesabiwa krediti 60. Uingereza ilijitoa Erasmus baada ya Brexit, yaani kutoka Umoja wa Ulaya, ikaanzisha mpango wake wa Turing mwaka 2021. Ada pia inashuka, chuo cha England hakiruhusiwi kumtoza mwanafunzi wa kwao aliye nje mwaka mzima zaidi ya 15% ya kiwango cha juu cha ada. Kabla hujaondoka unasaini karatasi ya kozi utakazosoma, na hapo wa saikolojia wanabanwa kuliko wengine kwa sababu British Psychological Society, chama cha wanasaikolojia wa Uingereza, ili iitambue digrii inataka iguse ubongo, utambuzi, ukuaji wa mtoto, jamii, tofauti za watu na mbinu za utafiti. Takwimu huzikimbii hata ukienda wapi, pole.

Na wasafiri wenyewe nao wamepimwa. Julia Zimmermann na Franz Neyer walifuatilia wanafunzi zaidi ya 1,000 wa Ujerumani, matokeo yakatoka 2013: waliokwenda nje walirudi wako wazi zaidi kwa mambo mapya na wasiwasi umepungua, ukilinganisha na waliobaki. Na kilichochangia sana ni marafiki wapya wa kigeni waliowapata huko. Kwa hiyo yule anayefika Valencia, Hispania, akapanga nyumba na Waingereza wenzake watatu, jioni wanapika maharage ya kopo na kuangalia mechi za kwao, mi nina mashaka naye kidogo.